Ushuhuda wa Mwaitu Juu ya Picha ya Kichwa

Mama yetu, Peris Kanini, tuliyemzika kijijini Kola mwezi uliopita, alisuka viondo, vile vikapu vya mkonge, akitembea. Uzi wa mkonge aliusokota pajani akiwa ameketi, lakini kusuka alisukia njiani, na wenzake walimsikia akiimba kabla hawajamwona. Tulimwita Mwaitu, yaani mama, na hata majirani wakazoea hivyo.

Mwaka wa 2004 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka hata akiwa ameupumzisha. Hatua zikawa fupi. Viondo vikalegea mpaka mnunuzi akavirudisha, na hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Wengine walisema ni kiharusi, wengine amerogwa. Daktari mmoja mjini Machakos alimkunja viwiko, akamtembeza, akasema anashuku ugonjwa wa Parkinson, ila kwanza apigwe picha ya ubongo, MRI, huko Nairobi.

Nilimsindikiza. Alivua hata pini za kitambaa. Msichana wa mashine akamwambia, "Mama, usitingishike kabisa."

"Uambie huu mkono," Mwaitu akajibu. "Mimi hauniulizi."

Tuliporudi, daktari alisema picha ni safi. Alieleza polepole kwamba hakuna uvimbe wala kiharusi, na kwamba Parkinson mara nyingi haionekani kwenye picha kama hiyo. Sasa alikuwa na uhakika zaidi, kwa hiyo Mwaitu aanze vidonge. Mwaitu alisikia neno moja tu: safi.

Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemponya. Watu waliimba kwa furaha. Na kwetu, ukishashuhudia uponyaji, kumeza dawa ni kama kumwita Mungu mwongo. Vidonge vikabaki kabatini.

Asubuhi moja aliganda mlangoni, miguu imekataa kabisa. Kamanthe, rafiki yake wa kikundi cha viondo, alimkuta hapo akamshika kiuno.

"Kanini, ulishuhudia nini hasa?"

"Kwamba picha ni safi."

"Na ni safi kweli. Kwani ni picha inasuka viondo?"

Mwaitu alicheka mpaka miguu ikaachilia. Kisha akaniambia nimletee vidonge.

Jumapili iliyofuata alisimama tena. "Ndugu zangu, nilikosea. Picha ni safi. Mgonjwa ni mimi, na Mungu amenipa dawa." Wengine waliinama. Mchungaji akasema amina, na Kamanthe akapiga kigelegele.

Vidonge havikumponya, lakini Bwana alimjalia miaka mingine ya kusuka, polepole, wimbo ukitangulia njiani.

Siku ile ya ushuhuda wa pili, baada ya ibada, Mzee Mwangangi wa baraza la kanisa alitungoja nje. Kwa muda mrefu alikuwa akiuficha mkono wake mmoja ndani ya koti. Alimsogelea Mwaitu, akashusha sauti.

"Mwaitu, huyo daktari anapatikana siku gani?"

"Jumatano," akasema. "Tutaenda pamoja."