Dozi Iliyobaki Kambini

Hapa Katoro, mtu yeyote mwenye koti jeupe nyuma ya kaunta ni dokta. Mwezi wangu wa kwanza nilijitetea kila siku: jamani, mimi ni mtoa dawa tu, nilisomea kazi hii Shinyanga, hili ni duka la dawa muhimu, sichomi sindano. Walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakasema, "Sawa dokta, sasa nichome moja tu." Huku kwetu kidonge ni cha kutuliza, sindano ndiyo dawa yenyewe. Jina la udokta niliwaachia. Sindano sikuwaachia.

Nakiri nilikuwa na kiburi. Leseni niliitundika mahali ambapo hata anayepita na bodaboda angeiona. Mkaguzi wa wilaya alipokuja alipekua daftari langu la dawa za cheti ukurasa kwa ukurasa, akaondoka bila la kuandika, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima. Wenzangu sokoni walinitania kwamba mume wangu akitaka chai nyumbani lazima alete cheti cha daktari. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona ni sifa.

Wateja wangu wakubwa walikuwa wachimbaji wa duara moja nje kidogo ya mji. Duara ni shimo la dhahabu, na watu wa duara moja ni kama ndugu: ugali wa sinia moja, maji ya ndoo moja, mawe ya dhahabu wanagawana. Msimamizi wao, mtu mzima mpole mwenye sauti nzito, ndiye aliyekuwa akija dukani kwa niaba ya wote.

Siku moja akaleta cheti cha mchimbaji wake aliyekuwa akikohoa. Kilitoka zahanati, kina muhuri, dawa iliyoandikwa ilikuwa ya jamii ya salfa. Nikampa dozi kamili, nikaandika daftarini, nikagonga muhuri wangu kwenye cheti na kumrudishia. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa.

Baada ya siku nne akarudi na cheti kilekile, kimekunjwa mpaka kimelegea, kina madoa ya udongo mwekundu.

"Hiki nimeshakitolea dawa," nikamwambia. "Muhuri huu hapa."

"Najua, dokta. Sasa ni mama anayetupikia. Naye anakohoa vilevile."

"Cheti ni cha mtu mmoja. Mpeleke zahanati akapimwe."

"Akienda zahanati leo nani atapika? Sisi cha mmoja ni cha wote, mama."

"Hairuhusiwi," nikasema, nikanyoosha kidole kwenye leseni ukutani.

Akaitazama, akanitazama, akachukua karatasi yake na kuondoka bila kuaga. Nilijiona shujaa. Jioni nilimsimulia mume wangu jinsi nilivyosimama imara, tena kwa mteja mkubwa namna ile.

Sikumuuliza jambo moja: yule mchimbaji alimaliza dozi? Hakumaliza. Kifua kilipolegea siku ya tatu, akaviweka vidonge vilivyobaki kwenye kopo la majani ya chai, maana kambini dawa haitupwi, inatunzwa kwa atakayeugua kesho. Msimamizi alipotoka kwangu mikono mitupu, alirudi akafungua kopo lile, akampa mama.

Wiki iliyofuata alikuja asubuhi, akasimama mlangoni. Akaniambia yule mama alitokwa na malengelenge mdomoni, kisha mwili mzima, ngozi ikaanza kubanduka, wakamkimbiza hospitali Geita. Huko walimuuliza kama aliwahi kudhurika na dawa. Akasema ndiyo, zamani, akiwa binti kwao Ushirombo, alivimba uso kwa dawa ya malaria. Jina la dawa hiyo hakulijua, ila madaktari walisema nayo ni ya jamii ileile ya salfa.

"Pole sana," nikasema. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Lakini mimi nilikukatalia."

"Ulinikatalia," akasema taratibu. "Ungeniambia kuwa vidonge hivi vinaweza kumbandua mtu ngozi, ningevitupa chooni siku ileile. Wewe ulinionyesha karatasi ukutani."

Alipoondoka nilimkasirikia mpaka mchana. Nililifungua daftari nikalisoma. Lilikuwa safi, hakuna mkaguzi ambaye angelipatia kosa. Vidonge vilivyomuunguza yule mama vilitoka kwenye rafu yangu, vimeandikwa humo kwa mwandiko wangu mzuri. Ndipo hasira ikaniisha, nikaona aibu. Sheria ile iliwekwa kumlinda yule mama, mimi nikaitumia kuilinda leseni.

Tangu siku ile hakuna anayetoka dukani kwangu haraka. Dawa ni ya nani? Ana mimba? Ananyonyesha? Aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa dawa yoyote, hata utotoni? Unakunywa zote hata ukipona, zikibaki niletee. Na nikikataa, nasema kwa nini, na kama mtu haelewi nasema tena, kwa Kisukuma changu kibovu kinachowachekesha. Wengine wamehamia maduka mengine. "Dokta wewe umekuwa polisi," wananiambia. Nawajibu polisi hawaelezi. Waende tu. Wanaobaki nitawauliza maswali mpaka nizeeke.

Miezi ilipita ndipo yule mama akaja mwenyewe, amevaa miwani myeusi, ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa hai, ngozi imerudi na mabaka, lakini macho yalikuwa hayavumilii tena moshi. Kupika ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Niliinuka.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma changu. "Shikamoo."

"Marahaba."

Nikaanza kuomba radhi. Akainua kiganja kuninyamazisha.

"Nimefuata jina la ile dawa," akasema. "Hospitali walilitaja, nimelisahau."

Nikachukua kadi ngumu, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba hatakiwi kupewa dawa zenye salfa. Akampa binti yake bila kuitazama.

"Kadi inapotea, na mimi sisomi. Nifundishe kulisema."

Tukakaa kwenye benchi, wateja wakisubiri. Nikasema, akasema. Salfa. Mara ya kwanza kwa kusitasita, mara ya pili vizuri, kisha akarudia peke yake kama mara kumi, kwa sauti, kila mtu akisikia. Akasimama na kupapasa bega la binti yake.

"Siku ile uliwakatalia wao," akaniambia. "Sasa nitakataa mwenyewe."