Kromosomu ya Arobaini na Saba

Miaka ya sabini nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule ya wasichana, Iringa. Mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kromosomu. Niliingia darasani na bonge la uzi wa sweta, nikaufungua ukazunguka chini ya madawati yote, kisha nikawapa wasichana waukunje mpaka uenee ndani ya kiberiti. Niliwaambia ndivyo mwili unavyofanya: maelekezo yote ya kumtengeneza mtu yameandikwa kwenye uzi mrefu, yakakunjwa na kubanwa ndani ya seli ambayo jicho haliioni.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, Mbeya. Mimba ilipokomaa nilipanda basi kwenda kujifungulia huko, karibu na mama mkwe. Alizaliwa mtoto wa kiume, mlegevu, mtulivu kupita kiasi. Daktari alimtazama macho, akamkunjua kiganja na kukuta mstari mmoja umekatiza. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, aliacha kutafuta maneno mepesi. Alisema hapa hakuna maabara ya kuzihesabu, ila haoni shaka kwamba mtoto ana kromosomu arobaini na saba badala ya arobaini na sita.

"Umenielewa, mwalimu?"

"Nimeelewa."

Sikulia. Nilikunywa uji, nikaomba waniongezee sukari.

Nyumbani mama mkwe alimwogesha mtoto, akamfunika, ndipo akauliza bila ukali, "Mwanangu, hili limetoka kwetu au kwenu?"

Nilimweleza kwamba halikutoka kwa mtu. Mbegu inapogawanyika, nyuzi huachana. Safari hii mbili zilikataa kuachana, basi.

"Kwa hiyo hakuna wa kumlaumu."

"Hakuna, mama."

Nadhani hilo lilimchosha. Angekuwepo wa kulaumiwa, angejua pa kwenda na la kusema. Sasa ilibaki kazi ya kumwogesha tu, na aliifanya kila siku.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nilirudi Iringa, mtoto akabaki kwa bibi yake mpaka nifunge shule. Alichelewa kukaa, akachelewa sana kutembea. Lakini alizijua hatua za baba yake tokea mbali, akaanza kucheka kabla mlango haujafunguliwa. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuniuliza lolote juu ya kromosomu, alizoea kusimama nje kidogo ili akisikilize kile kicheko.

Moyo wa mtoto ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Msimu mmoja wa baridi kifua kilimbana na hakupona. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akanikabidhi simu, akatoka. Walinisubiri kuzika. Nakumbuka vumbi kwenye viatu vya watu na mama mkwe akiniambia nile. Nilikula.

Muhula uliofuata mada ilifika tena. Safari hii niliichora ubaoni. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, kama ni maandishi, binadamu hawezi kuandika kromosomu ya kwake?"

Nilimjibu kwamba huko ng'ambo wameanza kuunga vipande vidogo, na pengine siku moja watatengeneza nzima, wakaipakia maelekezo wanayoyataka. Akauliza kama wataweza pia kuitoa iliyozidi.

"Labda," nilisema.

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo kwenye basi nikitoka kuzika, njia nzima kutoka Makambako. Uzi mmoja umebeba mambo mengi yaliyobanwa pamoja, na sikujua ni lipi lilikuwa la moyo na lipi la kicheko. Ningepewa mkasi nisingejua pa kukata. Wazo lile halikuniuma. Lilikaa tu, kama mzigo wa abiria mwingine miguuni pangu.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho kwenda Mbeya, nikakubaliwa. Mama mkwe alitupatia chumba alichokuwa akilala mtoto, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na joto. Alidhani ningekataa. Nilitandika kitanda, nikalala vizuri.