Buti za Nekesa ziko mapajani kwangu

Jamani, akili yangu imekataa. Mpaka saa hii nangoja Nekesa anipigie aniulize nimefika wapi, vile alivyoniuliza kila nilipopanda treni.

Juzi asubuhi simu ililia, kumbe ni Joy, binti yake. "Auntie, it's Mum." Pumu imemchukua rafiki yangu wa miaka karibu thelathini, huko Scarborough, Toronto, nami niko Montreal nakoroga uji.

Sasa niko ndani ya treni naenda Toronto. Theluji imetuzuia, tumesimama tu katikati ya mashamba, na jeneza linafungwa kesho saa nne asubuhi. Naandika ili nisipige kelele humu ndani.

Wengi wenu mlimjua kama Nesi Nekesa, yule wa kicheko cha kusikika hadi parking. Mimi nilimjua kabla hajawa nesi. Miaka ya tisini tulikaa chumba kimoja St. James Town, hapo hapo Toronto, ghorofa ya kumi na saba, wanafunzi wawili kutoka Kenya na godoro moja. Wikendi tulifanya shift kwenye nyumba ya wazee, Don Mills.

Nekesa hakuweza kumwona mzee amebeba kitu akanyamaza. Supervisor alimwonya: "Let them do it themselves, it's in the care plan." Akaitikia yes, yes, halafu akanigeukia: "Care plan gani hiyo ya kumtazama nyanya akihangaika?"

Februari moja chuo kilifunga wiki nzima. Tukasema na sisi twende tuone nchi kama wanafunzi wenzetu, mabegi mgongoni, treni, mji hadi mji. Begi lake aliliazima kanisani. Zipu ilikuwa imekufa, akalifunga kwa leso.

Wenzetu walibeba ramani. Sisi tulibeba chapati kumi na sita na chupa ya chai.

Kuketi tu, akavua buti, akazipanga chini ya kiti, akavaa ndara. Nikamuuliza, "Wewe, hapa ni kwenu?" Akanijibu, "Mtu haingii mahali pa joto na viatu vya nje."

Mbele yetu alikaa nyanya mmoja mzungu. Alikula chapati mbili zetu, akatusimulia habari za wajukuu wote. Tulipofika kituo kidogo cha kwao akainuka kuchukua sanduku lake. Nekesa alishalibeba zamani. "Namshusha tu, narudi."

Sasa nyinyi mnajua kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Unampeleka hadi getini, mnaongea, unampeleka hadi barabarani, mnaongea tena. Nekesa alimsindikiza yule nyanya mpaka kwa gari la mwanawe, nyuma ya kituo.

Treni ikaondoka.

Nilimwona dirishani. Sweta, ndara, mikono juu, anakimbia kwenye barafu. Halafu sikumwona tena.

Koti lake lilikuwa kwangu. Nikatia mkono mfukoni, nikashika ile dawa yake ya kuvuta. Hakuna kitu kilichomfunga Nekesa kifua kama baridi, na siku hiyo ilikuwa baridi ya kukausha kope.

Nilimkimbilia kondakta, Kiingereza chote kimenitoka. "My friend! Her chest! She is outside with ndara!" Akajaribu kupigia kituo kile, hawakushika. Treni hairudi nyuma, akasema. Kituo kingine ni nusu saa na zaidi. Na wakati huo simu ya mkononi alikuwa nayo nani?

Nusu saa ile ilinizeesha. Nilisali. Nikaanza kupanga nitamwambia nini mamake, Bungoma, na maneno ya kwanza tu yakanishinda.

Nilishuka na mabegi mawili, koti na buti zake, nikasimama nje nikiomba mwana wa yule nyanya amlete kwa gari, nikiogopa wakipita wasinione. Kila gari lililokuja halikuwa lenyewe. Wallahi nilichukia kila dereva.

Mwishowe wakafika. Nyanya mbele, mwanawe anaendesha, Nekesa nyuma amefunikwa blanketi la mbwa hadi kidevuni, kifua kinalia kama birika. Akavuta dawa mara mbili. Alinishika mkono, akaufinya mpaka pumzi ikarudi. Neno la kwanza: "Chai imebaki?"

Nilimtukana mbele ya wenyewe, sikujali. Halafu nikapiga magoti kwenye theluji nikamvisha buti, maana vidole vyake vilikuwa havishiki kitu. Hapo ndipo alipolia. "Niliogopa, Rehema. Miguu ilikufa kwanza, nikajua na mimi nafuata. Siku nyingine ukiniona natoka bila viatu, nikamate."

Mpaka Quebec City tulifika. Wanasema ni pazuri. Mimi sikuona kitu, kila kituo nilikuwa nimemshika sweta.

Jana Joy aliniambia, "Auntie, the funeral home says no need for shoes. Nobody sees the feet." Eti viatu havina haja! Nilimjibu vibaya, na nimeshamwomba msamaha. Nikamwambia wanisubiri tu.

Krismasi alipokuja kwangu nilimnunulia buti mpya, hizi kuukuu akaziacha. Mguu wa kulia umelalia upande, vile alivyotembea. Nimezipakata tangu asubuhi, abiria wa pembeni ananiangalia tu.

Mnaosoma, niombeeni nifike.

Nekesa, treni imetikisika. Inaanza kwenda, nadhani. Sishuki kituo chochote, hata nyanya awe na masanduku kumi. Nisamehe, leo atajibebea. Ningoje, nitakuvisha mwenyewe kama siku ile. Miguu ikishapata joto, ndipo ulale, dada yangu.