Mama Aliyegeuza Jibini

Mtanicheka, najua. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Tangu mume wangu afariki, nyumba yangu hapa Nyeri imekuwa kimya mno. Jumamosi moja nikajiambia, wacha nitoke. Napenda sana jibini za wakulima, zile za kutengenezwa nyumbani, kila shamba na ladha yake. Nikazitafuta kuanzia Kiganjo, nikionja hapa na pale. Lakini kuna utamu gani kuonja kitu na huna wa kumwambia?

Kule juu ya Naro Moru ukungu ukashuka. Nikaona kibao kimeandikwa "Jibini", nikabisha. Akanifungulia mama wa makamo mwenye sweta ya kijivu. Ndani, jibini zilijaa kwenye rafu za mbao, naye akaendelea kuzigeuza moja moja.

"Hii lazima igeuzwe kila siku," akasema. "Ukiiwacha, inaoza upande mmoja. Na wewe mama, uko na nani nyumbani?"

"Niko peke yangu."

Akaacha kugeuza. Akanitazama kwa huruma mpaka machozi yakanilenga. "Pole," akasema. "Hata mimi." Akanifungia jibini moja, akakataa malipo.

Barabarani nilimwonyesha muuza viazi jibini hiyo, nikamwambia nimepewa na mama mwenye sweta ya kijivu. Akarudi nyuma. "Ati umetoa wapi? Huyo mama alikufa, na hakuna mtu alijua mpaka jibini zikaanza kunuka. Hiyo nyumba imefungwa kitambo."

Ningeitupa pale pale. Sikuitupa. Ilikuwa na doa jeusi upande mmoja; niliiweka jikoni, doa likiwa juu. Asubuhi doa lilikuwa chini. Kesho yake, juu. Hebu niambie, ni panya gani hugeuza jibini bila kuimega?

Niliogopa, msidhani sikuogopa. Lakini amini usiamini, nilianza pia kulala vizuri. Nikawa nikiingia jikoni nasalimu.

Sasa binti yangu aliye Murang'a ameniandalia chumba, ananisihi niende. Nami nataka, wajukuu wananisahau. Lakini kila nikipanga nguo kwenye begi jioni, asubuhi nazikuta kabatini, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

Kwa hivyo ukienda huko kutafuta jibini, na mama mwenye sweta ya kijivu akuulize uko na nani nyumbani, sema mko wengi. Danganya tu, Mungu atakusamehe. Mimi nilisema ukweli, na leo asubuhi begi lilikuwa tupu tena.