Bastola Chini ya Kanzu

Juzi Matrah, huku Uarabuni, kwa fundi wa bunduki, mzee mwenzetu wa Unguja alitoa bastola kuukuu ya jeshi, akaomba ala ya ngozi ya kuifichia chini ya kanzu.

Fundi akaipima mkononi. "Sheikh, nzito hii, na kizuizi chake kimelegea. Itajifyatukia upoteze paja. Tena hapa silaha huvaliwa nje, kama khanjari kiunoni. Unamficha nani?"

"Kule Unguja nliifungia sandukuni. Walipovunja mlango siku ya mapinduzi, mimi bado nnatafuta ufunguo."

"Hapa hapana atakayekuvunjia mlango."

"Na kule tukisema hivyohivyo."

Fundi akaanza kukata ngozi. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nikimcheka mzee moyoni. "Na wewe, shida yako?"

Nikafunua kikapu changu, nikatoa bastola yangu. "Ala, kama ya huyu."