Betri Mpya Kati ya Tatu Zilizochoka

Saa mbili asubuhi, fundi sola yuko juu ya paa la zahanati, anapangusa vumbi kwenye paneli kwa kitambaa kibichi. Paneli hizo zina miaka kumi na minne na bado zinapiga kazi.

"Hizi zitanizika," anatania akishuka ngazi. "Ugonjwa uko ndani."

Ndani, kwenye stoo, kuna betri nne juu ya ubao. Zote zimekufa, na moja aliiua yeye mwenyewe.

Fundi huyu, mama wa watoto watatu, ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Mwaka juzi betri moja ilipogoma, mkunga wa zahanati alimwita. Fundi alijua fika kwamba betri mpya haiunganishwi na zilizochoka, maana zile kuukuu huivuta nayo ichoke. Lakini aliona haya kumwambia mkunga kwamba zote nne zitolewe. Akafunga moja, akaahidi miaka mitano.

Haikumaliza miezi kumi na minne. Taa zilizimika mzazi akiwa kwenye uchungu, na mkunga akamaliza kazi kwa tochi ya simu iliyoshikwa na bibi wa mtoto.

"Mtoto alipolia nilishukuru," anasema mkunga. "Ila huyu fundi, hasira zangu hazijaisha."

Fundi hajitetei. Anakiri kwamba aliogopa kupoteza mteja, na kwamba aibu ile anayo mpaka leo. Siku hizi anasema ukweli kabla hajashika hata bisibisi: paneli huweza kufika miaka ishirini na mitano, nguvu zikipungua kidogo kidogo, betri za kuongeza maji ni mitatu hadi mitano, tena zikitunzwa. Katika kila wateja kumi, wanne humkimbia wakatafute fundi mwenye maneno matamu.

Leo ameleta betri nne mpya. Mkunga amesimama mlangoni, mikono kifuani, anauliza safari hii ni miaka mingapi.

"Dada, hesabu mitatu," fundi anamjibu. "Ikizidi, shukuru. Mimi nitakuja kuzipima hata usiponiita."

Baadaye, akikaza nati ya mwisho, anataja anachokitamani: siku moja aitwe mahali ambapo taa bado zinawaka.

Mkunga amemsikia. Anakwenda kwenye kalenda ya ukutani, iliyojaa tarehe za akina mama wanaotarajia kujifungua, anashika kalamu.

"Miaka mitatu ni mbali," anasema. "Utakuja kila baada ya miezi sita. Nakuandika hapa."