Reki ya Bahati ya Isokichi

Kila Novemba, Isokichi alifunga kibanda chake cha tambi kule Asakusa mapema, akaenda na mkewe Chise kwenye soko la Siku ya Jogoo, uani mwa hekalu, kununua reki ya bahati. Ni reki ya mianzi iliyosheheni sarafu za bandia, samaki wekundu na sura ya mwanamke anayecheka, ya kukokotea riziki. Ya zamani hurudishwa hekaluni ikachomwa. Mpya sharti iwe kubwa kuliko ya mwaka uliopita. Isokichi hakuwahi kuruka mwaka.

Mwaka ule alichagua iliyomzidi kimo.

"Mzee wangu, hiyo utaiweka wapi? Kichwani kwangu?" Chise alimtania.

"Ukutani! Wateja waione tangu barabarani."

Hanbei muuzaji akacheka, akawapigia makofi ya baraka, kama ilivyo desturi kila reki inaponunuliwa.

Asubuhi yake Isokichi alipanda ngazi kuitundika. Ngazi ikateleza, akaangukia ukingo wa jiko. Uti wa mgongo ukavunjika, na miguu yake haikufanya kazi tena.

Alilazwa chumba cha juu ya kibanda. Chise akawa anapika peke yake, lakini siri ya supu ilikuwa mkononi mwa mumewe, na wateja waliijua tofauti. Wakapungua. Majirani ndio waliomalizia kuitundika ile reki. Chise alitamani kuivunja iwe kuni.

"Usiiguse," Isokichi alisema. "Ukiitoa, tumekwisha."

Novemba iliporudi, Chise aliibeba mgongoni peke yake hadi hekaluni, akaikabidhi ichomwe.

"Mama Chise!" Hanbei aliita. "Mwaka huu nimekuwekea jitu! Mzee yuko wapi?"

"Yuko kitandani. Alianguka akitundika ile yako."

Hanbei akavua kofia. Baadaye akamnyooshea reki ndogo ya kiganjani. "Chukua tu, mama. Usirudi mikono mitupu."

"Sitaki. Hata ya bure sitaki."

Nyumbani, Isokichi alikuwa macho. "Umeipata?"

Chise alitaka kusema kweli. Akamtazama mashavu yalivyobonyea. "Nimeipata. Ipo chini, ukutani."

"Ni kubwa?"

"Kubwa. Hanbei kanisaidia kuitundika."

"Ina samaki wangapi?"

"Wengi, mzee wangu. Sijawahesabu."

Isokichi akatabasamu, akatoa mikono chini ya shuka, akaanza kupiga makofi ya sokoni, taratibu, bila nguvu. Ilimbidi Chise apige naye. Kila kofi lilimchoma, na bado akapiga mpaka mwisho.

Homa ya mapafu ilimchukua Isokichi kabla theluji haijayeyuka. Chise hakumwambia mtu kuhusu ule ukuta mtupu. Aliuza masufuria, akagawa mabakuli kwa majirani, kisha akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Kila Novemba alizunguka mbali na soko, asisikie makofi.